Nywele za Wazee Nyuma ya Jiko

Nilipokuwa mtoto, pale chini ya kilima cha Jebel Kujur, hakuna aliyechimba nyuma ya jiko letu bila kuomba ruhusa. Ukiinua majani makavu, uliona nyuzi nyeupe, laini, zimejisokota kwenye udongo. Haboba, yaani bibi, mama yake baba, alisema hizo ni nywele za wazee waliolala chini. Ukitaka kuchimba, wasalimie kwanza, na nywele zao usizichome moto.

Poni, mke mpya wa baba mdogo, hakuyajua hayo. Alisafisha mahali pa kupanda bamia, akakusanya nyuzi zote, akazichoma kama takataka. Haboba alimwambia tu, "Binti yangu, ardhi itakununia."

Kweli, bamia zikawa njano. Mimi bombani nilifuata maneno kuliko maji, nayo hayakukosekana: eti bibi harusi ana mkono mbaya, hata mimba haitamkaa. Nyumbani nako nikamsikia baba mdogo akisema afadhali amrudishe kwao. Poni alikuwa mlangoni, amesikia yote.

Asubuhi haboba akamshika mkono, mbele ya majirani wote, wakapanda hadi kwenye mti mkubwa kilimani. Wakawasalimia wazee. Wakafunga udongo wa pale wenye nywele ndani ya jani, wakaja kuuzika katikati ya bamia. Mimi niliambiwa ninyamaze, kazi ngumu kuliko kuchota maji.

Bamia zikarudi kijani. Poni akabaki. Maneno ya bombani yakaisha, na nisidanganye, niliyakumbuka, maana yalikuwa matamu.

Juzi amekuja Keji, mjukuu wa Poni, msomi wa chuo, na kijiko chake na vifuko. Anasema nywele zile ni kuvu, jamaa za uyoga, na ziko zinazolisha mizizi. Za kwetu hajaziona katika kitabu chochote; anatafuta kwanza ni za ukoo gani, ndipo zipewe jina. Nikamuuliza kama ndizo zilizoponya bamia.

"Sijui bado, haboba. Labda ilikuwa mvua tu."

Nikampenda kwa jibu hilo. Nikamwambia awasalimie wazee kabla ya kuchimba. Akacheka, kisha akainama, akasalimia kwa lugha yetu, Kibari kibovu kabisa.

Labda ilikuwa mvua. Lakini mvua haikumshika Poni mkono mbele ya majirani. Na kama angerudishwa kwao, leo nani angekuja na kijiko kuzitafutia ukoo nywele zile?