Gazeti la Dagaa na Kicheko cha Mama

Enzi zetu, sisi tuliokulia Kisarawe kule mlimani, karatasi ilikuwa na heshima kuliko mgeni. Siku hizi vijana wanaitupa barabarani kama ganda la ndizi. Kwetu ilipanguswa vumbi, ikasomwa mbele ya watu, ndipo ikaenda jikoni kuwashia mkaa. Baba alikuwa tarishi wa ofisi moja pale mjini, elimu yake darasa la nne, lakini ukimsikia anavyosoma ungedhani ni hakimu. Amri yake ilikuwa moja: "Karatasi haiwashi moto humu ndani kabla haijasomwa."

Basi kila siku baada ya alasiri, tukishacheza rede mpaka miguu imefanana na udongo, mama alitandika mkeka barazani. Kulikuwa na chai ya mchaichai na muhogo wa kuchemsha, na katikati karatasi ya siku hiyo: kipande cha gazeti kilichofungia dagaa, au mfuko wa unga, au yale maelezo yanayokaa ndani ya boksi la dawa ya minyoo. Tulisoma habari za mpira zilizochanwa kabla goli halijafungwa, tukabishana wiki nzima nani alishinda. Sidhani kama Afrika Mashariki yote ilikuwepo familia iliyojua kuliko sisi namna ya kuhifadhi dawa mbali na watoto. Gazeti likinuka dagaa sana, hata paka alihudhuria.

Zamu ilikwenda kwa kicheko. Msomaji akikwama, wewe ukacheka, unapokea wewe. Na moto hauwashwi mpaka karatasi iishe, kwa hiyo ugali wa nyumba nzima ulisubiri ulimi wa mtu mmoja.

Sasa mimi Mwanaidi, ambaye mpaka leo msibani hukalishwa nyuma kwa kuogopewa kicheko changu, nilikaa pale mkekani kama kinu. Sikucheka. Nilikuwa darasa la tatu na sijui kusoma. Kitabu cha shule nilikuwa nimekikariri kwa kusikia wenzangu, lakini ukinipa karatasi ngeni, herufi zinatawanyika kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Mwalimu akaja kugundua, akamwita baba. Jioni ile baba akazungumza polepole, bila ukali.

"Muhula huu ukiisha hajajua kusoma, aende Magindu kwa shangazi yake. Kule kuna mashamba na mifugo, mikono inahitajika. Si aibu."

Hilo "si aibu" lilinichoma kuliko fimbo. Dada yangu Mwajuma akanibinya: "Utakwenda kuwasalimia ng'ombe shikamoo." Mama alikuwa anamenya muhogo.

Kesho yake Mwajuma alikuwa anasoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, akajikwaa kidogo tu. Mama akaangua kicheko. Sote tukamgeukia, maana mama hakuwahi kukanyaga darasani hata siku moja, na sheria ni sheria. Baba akatazama pembeni. Mama akanyoosha mkono akaipokea chupa, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Macho yangu leo mazito," akasema. "Mwanaidi, njoo unitajie."

Nikajibanza ubavuni kwake, jasho linanitoka. Nikamnong'oneza sikioni, "Ti... ki... sa." Mama akapaza sauti kama mwadhini: "Tikisa!" Nikaendelea, naye akaendelea, mpaka ikatimia: tikisa chupa kabla ya kutumia. Jua lilikuwa limeshuka, matumbo yananguruma, na hakuna aliyethubutu kucheka, kwa jinsi mama alivyowazungushia jicho.

Siku iliyofuata akacheka tena. Na iliyofuata. Alicheka bei za mahindi, alicheka hata tangazo la mnada. Baba akashindwa kuvumilia.

"Mama Mwajuma, hapo cha kuchekesha ni nini?"

"Kwani wewe hujakiona?" mama akajibu, akifuta machozi ambayo hayakuwepo.

Muhula mzima nilisoma kwenye sikio la mama. Mwisho wa muhula baba akanipa kipande cha gazeti mkononi mwangu mwenyewe. Nikakisoma mpaka pale kilipochanika, bila kituo. Akakichukua, akakikunja, akampa mama akawashie moto.

"Shangazi tumpelekee salamu tu," akasema.

Nilimaliza la saba, nikaolewa, nikahamia Kibaha. Kidato cha nne nilikisoma shule ya jioni nikiwa na mimba kubwa kiasi cha kuhitaji dawati langu peke yangu. Baba alipofariki, mama akaja kuishi nami. Alipougua, kila alasiri nilimsomea maboksi ya dawa zake. Anacheka, ananipa sikio, tunaendelea. Siku moja nikamsomea: tikisa chupa kabla ya kutumia. Nikasubiri. Alinibana kidole, lakini kicheko hakikuja. Nikajua.

Tulimzika Kisarawe. Tukiwa tumekaa na Mwajuma, nikamuuliza, "Hivi dada, mama alikuwa anacheka nini siku zote zile?"

Mwajuma akanikodolea macho. "Shule yote ile ya jioni, Mwanaidi, hilo hujalijua?"

Nililia upya, kama vile ndiyo kwanza wananipa taarifa.

Baada ya hapo mkeka aliokuja nao mama ulikaa mwaka mzima nyuma ya mlango. Wanangu kila mmoja na simu yake, kutoka chumba cha pili wananitumia ujumbe wa sauti: "Mama, njaa." Mpaka mwezi uliopita mwalimu wa Jabiri, kitinda mimba wangu wa darasa la tatu, aliponiita. Alisema maneno ninayoyafahamu.

Alasiri ile nikatandika mkeka.

"Jamani mama," akalalamika Zuhura, dada yake, "sisi tunapikia gesi. Karatasi tunawashia nini?"

"Hatuwashi kitu. Soma."

Akasoma mfuko wa unga. Jabiri alikaa pembeni kama kinu. Zuhura alipofika "hifadhi mahali pakavu," nikaangua kicheko.

"Kinachochekesha ni nini hapo?"

"Kwani wewe hujakiona?" Nikaupokea mfuko, nikausogeza mbali. "Macho yangu leo mazito. Jabiri, njoo unitajie."

Enzi zetu moto ulitusubiri, na njaa ilitukalisha pamoja tukitaka tusitake. Siku hizi jiko linawaka kwa kuzungusha kidole, na hakuna kinachomsubiri mtoto ila mtu aamue kumsubiri. Jabiri akasogea, pumzi yake ya moto sikioni mwangu.

"Hi..." akanong'ona, akakwama.

"Hi!" nikapaza sauti, mtaa mzima usikie, kisha nikampa sikio tena.