Bolti ya Tano

Juzi, hapa nyumbani Mbinga, tairi la nyuma la gari langu lilipata pancha. Jirani yangu ambaye ni fundi akaja kunisaidia, na alipokuwa anakaza nati, bolti moja ikakatika, ko! Akainua uso akacheka.

"Mama, zimebaki nne. Na hizi nne unafika ziwani na kurudi."

Maneno kama hayo nilishayasikia uwanjani kwetu, kwa mdomo wa marehemu mama yangu.

Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea kahawa. Mama alikuwa mtu wa ziwani, kijiji cha Kihagara, na kila tukimaliza kuuza kahawa tulishuka kwa bibi. Wewe uliyewahi kuteremka ile milima unajua: baridi inabaki nyuma, masikio yanaziba, halafu ghafla ziwa lote liko chini yako. Kwenye kona ya mwisho Baba alipiga honi, na bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameshafifia, tulimkuta amesimama mlangoni. Ndani kuna samaki, mbasa wa kuchoma, na ugali wa muhogo. Mikono yake ilinuka moshi, na alikupapasa uso ajue umekua kiasi gani.

Mwaka ule ikaja habari kuwa bibi anaumwa, anamtaka Mama. Asubuhi ya safari Baba akakaza magurudumu, bolti ikakatika.

"Baba watoto, nne zinatosha," Mama alisema, kitenge ameshajifunga. "Twende taratibu tu."

"Kule hakuna taratibu, mama. Nina watoto nyuma."

Akamwagiza konda wa basi amletee bolti kutoka Kitai. Iliyokuja ikawa nyembamba, inazunguka kwenye tundu. Akaagiza nyingine. Mvua zilishaanza na magari ya kushuka ziwani yalikuwa ya kubahatisha. Mama alikwenda barabarani na kifurushi chake, akarudi nacho. Jioni tulikula maharage, kijiko kikigonga sahani unakisikia.

Ilipopatikana inayofaa, Baba aling'oa kile kipande kwa nyundo, akapitisha bolti mpya kwa nyuma, akapanga pete za washa, akakaza nati mpaka bolti ikajivuta yenyewe na kukaa. Alikuwa akijifuta macho kwa mkono wenye grisi. Labda lilikuwa jasho. Sitaki kumsemea.

Tulifika. Honi ikapigwa pale konani kama kawaida, lakini mlangoni wakatoka wanawake waliojifunga kanga viunoni. Mama mdogo akamshika Mama mabega.

"Dada, kila gari likinguruma alikuwa anauliza, hao siyo wao? Hata jana jioni aliuliza, usiku akatutoka."

Mama hakumlaumu Baba, si kwa maneno. Ila tangu siku ile hakukaa tena kiti cha mbele. Alipanda nyuma na magunia, jua au mvua, mpaka pikapu ilipouzwa. Na kila safari Baba alikifuta kile kiti, akauacha mlango wake wazi kidogo, akangoja, ndipo akaufunga na kuwasha gari.

Nimewapima wote wawili miaka mingi na mizani yangu haitulii. Tungepinduka kule mteremkoni, leo ningemlaumu Mama, au nisingekuwepo wa kulaumu. Lakini bibi alikuwa anasikiliza. Elimu yangu ni ndogo, siwezi kuamua. Nao wameshaondoka wote, hayupo wa kumuuliza.

Nilimwambia fundi aweke bolti mpya. Akaguna, lakini akaiweka.

Jumamosi nikashuka peke yangu. Siku hizi ni lami, unafika hata hujachoka. Kwenye ile kona mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye honi. Pale ilipokuwa nyumba ya bibi wakatoka watoto nisiowajua. Wakaniamkia vizuri, "Shikamoo, mama," wakaniuliza namtafuta nani.

Nikakosa jina la kuwatajia.