Nilimshitaki muuguzi wa mdogo wangu, lakini kuna jambo sikuliandika kwenye barua

Wakuu, poleni na majukumu. Mimi humu huwa napita nasoma na kuondoka kimya. Leo nimeona niandike. Shule niliishia darasa la sita kule Kivu Kusini, kwa hiyo mtanivumilia. Nitaeleza yale tu niliyoyaona na niliyoyafanya mwenyewe, pamoja na yale yanayonitia aibu.

Mimi ni fundi cherehani hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, upande wa Misiera. Nilikuwa na mdogo wangu, Kashindi. Amefariki akiwa na miaka thelathini na moja, lakini akili yake ilibaki ya mtoto mdogo. Wataalamu wanasema ulemavu wa akili.

Kazi yake ilikuwa kukunja nguo. Ukimpa suruali ishirini anazikunja zote pembe kwa pembe, kisha anazikunjua na kuanza upya. Wateja walimzoea, wengine walikuwa wanamletea hata zisizohitaji kukunjwa.

Sasa kuna jambo lazima mlijue kwanza.

Tulipofika kambini, siku ya kuandikishwa, afisa alimuuliza Kashindi kama yuko sawa. Kashindi aliogopa akapiga yowe. Foleni nzima ikageuka. Mama mmoja akasema, "Ule ana mapepo, musimukaribie."

Niliumia sana. Nikaamua kumfundisha jibu. Mtu akikuuliza hali, unasema: "Niko muzuri, Mungu asifiwe." Nilimfundisha miezi mingi, kwa maandazi. Alipolishika, kanisani walifurahi, mchungaji akampa mkono kila Jumapili. Nami nilijivuna. Watu wakaacha kumcheka.

Tuendelee.

Mwaka huu Kashindi alianza kuumwa tumbo. Kituo cha afya cha hapa kambini wakatupa rufaa, tukapelekwa Mbarara kwa gari la wagonjwa. Hospitali sitaitaja. Mimi ndiye niliyekwenda kama garde-malade, ndivyo sisi Wakongo tunavyomwita ndugu anayekaa na mgonjwa wodini, anampikia, anamfulia, anamgeuza. Waganda wanasema attendant. Huku bila huyo mtu mgonjwa hakai wodini, maana wauguzi ni wachache mno.

Muuguzi wa wodi yetu nitamwita Musawo, neno la Waganda la mhudumu wa afya, ndivyo wote tulivyomwita. Alikulia kambi ya jeshi ya Makenke, baba yake alikuwa askari, kwa hiyo Kiswahili alikijua, ila kilikuwa cha amri amri.

Kila asubuhi anapita kitanda kwa kitanda.

"Kashindi, leo unasikia aje?"

"Niko muzuri, Mungu asifiwe."

Anacheka, anaandika, anasogea.

Siku ya pili alisimama kidogo. Akanitazama mimi, akaniita nyabo, yaani mama kwa heshima ya huku.

"Nyabo, huyu maneno anaelewa? Ama anasema tu?"

Wakuu, hapo ndipo nilipoulizwa. Muuguzi aliniuliza waziwazi, mchana kweupe.

Nikajibu, "Anaelewa yote, Musawo."

Kwa nini nilisema hivyo? Watu wa vitanda vya jirani walikuwa wanatusikiliza. Niliogopa wakijua, watasema tena yale ya mapepo, au daktari atasema huyu hana faida apishe wengine. Niliona aibu. Sina sababu nyingine.

Na nilijua kwamba haumwi kidogo. Kashindi akiumwa halii. Anatafuna nguo. Toka utoto ni hivyo. Pale kitandani alikuwa ametafuna pembe ya shuka mpaka ikalowa na kuanza kuchanika. Mimi nililigeuza lile shuka, pembe iliyotafunwa nikaifichia chini ya godoro, ili Musawo asione tumemharibia shuka la hospitali.

Mtu anayeshona nguo za watu hajui kuacha pembe iliyochanika ionekane.

Siku ya tatu mchana Kashindi alitapika kijani, tumbo likawa gumu kama ubao. Ndipo wakakimbia naye kwenda kupasuliwa. Daktari alisema utumbo ulikuwa umetoboka, tumechelewa. Aliishi siku mbili zaidi. Tulimzika hapa Nakivale.

Baada ya msiba hasira ilinijaa. Nilikuwa nimeona faili lake, mtu alinisomea: siku mbili mfululizo imeandikwa mgonjwa hana malalamiko. Na ni kweli, siku ya pili na asubuhi ya tatu Musawo hakumgusa tumbo. Aliuliza tu, akaandika.

Nilimwendea Mwalimu, jirani yetu, mtu anayejua kuandika barua nzito. Akaandika malalamiko. Kwamba muuguzi alimpuuza mlemavu, tena mkimbizi, mpaka akafa. Jina langu chini, na dole gumba juu ya jina ili lisikataliwe.

Barua ilifanya kazi. Tulipata habari kwamba Musawo ameondolewa wodini, anasubiri kikao, na anaweza kufukuzwa kabisa. Misiera watu walinipongeza. Mimi nilikuwa nashona, nasema asante tu.

Kabla ya kikao akaja binti mmoja wa chuo, anafanya utafiti. Alikuwa anazunguka kwenye nyumba zenye mtu mwenye ulemavu wa akili, anauliza walivyohudumiwa hospitali. Na kule Mbarara alikuwa anawauliza wauguzi habari zao wenyewe: wanalala? wanakula saa ngapi? mgonjwa akifa mikononi mwao, nani anakaa nao?

Nikamkaribisha kwa haraka, nikajua nimepata shahidi wa kumwangusha Musawo.

Akauliza yake mengi. Halafu akauliza, "Kashindi akiumwa, alikuwa anaonyeshaje?"

"Anatafuna nguo."

"Na muuguzi alilijua hilo?"

Nikainama kuokota uzi sakafuni. Yule binti akaweka kalamu chini.

"Dada, sikulaumu. Ni swali liko kwenye karatasi, nauliza kila nyumba."

Alipoondoka nilikaa na cherehani sikukanyaga hata mara moja. Ndipo yalipoanza kurudi mambo ya Musawo niliyokuwa nimeyasukuma pembeni. Nilimwona siku moja amesimama ameegemeza paji la uso kwenye kabati la dawa, macho yamefungwa. Nilidhani anasali, kumbe amelala wima. Wodi nzima alikuwa peke yake na mwanafunzi mmoja. Siku ile ya kwanza Kashindi alishika kamba ya aproni yake hakutaka kuiachia, na Musawo akazunguka vitanda vitatu vya karibu akimburuza Kashindi nyuma yake kama mkia, watu wanacheka, naye anacheka.

Pia aliwahi kunifokea, siwezi kumpaka asali. Siku ya pili Kashindi aling'oa sindano ya dripu, akasema, "Wewe shika huyu mtu! Mimi si mama yake!" Lilinichoma. Lakini aliirudisha ile sindano kwa mkono laini.

Nikamwambia Mwalimu kwamba nitaongeza maneno kwenye kikao. Akakasirika kweli.

"Da Zawadi, unataka kutupeleka fasi gani? Barua nimeandika na mukono yangu. Ukirudisha maneno, kesho batasema bakimbizi bote banasemaka uongo. Mutoto wa mutu mwingine akifia kule, nani atasikilizwa?"

Wakuu, hilo sikulichukulia kwa wepesi. Alikuwa na haki. Nilipima siku nne. Mwisho nikamwambia, "Mwalimu, nikinyamaza, uongo utakuwa wangu kweli."

Hakunisindikiza. Nikapanda gari peke yangu mpaka Isingiro, kisha Mbarara.

Kikao kilikuwa chumba kidogo tu, mkubwa wa wauguzi, watu wawili wa ofisi, na Musawo kwenye kiti cha pembeni, amekonda. Nikapewa nafasi. Nikasema mambo mawili. Kwamba siku ya pili na asubuhi ya tatu hakumgusa tumbo, hilo silifuti. Na kwamba aliniuliza kama mgonjwa anaelewa, nikamdanganya, nikaficha na shuka.

Mkubwa wa wauguzi akaniuliza, "Nyabo, wewe nani alikutuma kusema hii?"

"Hakuna."

"Unajua hii inaharibu kesi yako?"

"Najua, mama."

Akaandika. Musawo ndiye aliyesema, bila kuulizwa, anatazama mikono yake.

"Mimi niliona uso yake. Ilikuwa na jasho. Nilijua hiyo si uso ya mtu muzuri. Lakini yeye alisema iko sawa, nyabo alisema iko sawa, na mimi nilichoka. Nilitaka iwe sawa. Nikaandika."

Halafu akalia, wakuu. Mtu mzima mwenye sare. Na mimi nikalia. Mkubwa wao akatuachia muda, hakutuharakisha.

Hakufukuzwa. Alipewa onyo la maandishi, akapumzishwa, kisha akarudi kazini wodi nyingine. Mimi barua yangu haikuchanwa, iliongezwa ukurasa. Mwalimu tunasalimiana, bado hajakaa kwangu.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu wako mwenye ulemavu wa akili ukimpeleka hospitali, usimpambe ili asichekwe. Mwambie muuguzi ukweli wake mlangoni, kabla hata ya jina: akiumwa anafanya nini, akiogopa anafanya nini. Muuguzi aliyechoka atashika jibu la kwanza analopewa. Na wanachoka, jamani. Mimi nililala chini ya kile kitanda siku tano, nimewaona.

Kuna mama wa Kirundi hapa jirani ana binti wa aina ya Kashindi, miaka kumi na sita. Wiki iliyopita nilimwendea nikamuuliza binti yake akiumwa anafanyaje. Akafikiri, akasema anavua viatu na kuvipanga mlangoni. Hakuwahi kumwambia mtu, aliona ni upuuzi. Tumeliandika kwa mkono wangu mbaya, Kiswahili na Kiingereza cha kuokoteza, tukalibandika ndani ya kitabu chake cha kliniki.

Wenye ndugu wa namna hii, wa kwenu akiumwa anafanyaje? Andikeni hapa chini. Na kama kuna wauguzi humu, semeni na ninyi, mngependa tuwaambie nini tunapowaletea watu wetu. Hata wa kunilaumu mje, nitasoma yote.