Inawasha

Tulio na kazi Kitale na wazazi Kabuchai huwa tunauguza kwa simu. Muhula huo nilikuwa nimechoka, karatasi za mitihani zimejaa mezani, na mama naye goti lilikuwa limekataa kukunjika tangu apalilie mahindi. Nikanunua jeli ya kuchua kwenye duka la dawa, nikampa jirani aliyekuwa akienda huko, nikajiona nimemaliza kazi ya mtoto.

Kesho yake mama akapiga. "Hii dawa inawasha."

"Ndiyo kazi yake, mama. Endelea kupaka."

Utotoni alikuwa akinichua kwa dawa inayochoma kama pilipili, na nikilia ananiambia imeshika. Kwa hivyo aliposema inawasha, mimi nilisikia joto likiingia gotini. Haikunijia kabisa kwamba yeye anajikuna.

Baada ya siku tatu akapiga tena. "Bado inawasha, bana. Hata usiku silali."

"Basi paka mara tatu badala ya mbili." Nilisema hivyo huku nasahihisha, kalamu nyekundu mkononi, na hadi leo naona aibu.

Mara ya tatu sikushika simu.

Jumamosi nilienda nyumbani, nikamkuta ameketi jikoni, leso imefunika miguu. Nikaifunua. Kuanzia gotini hadi katikati ya muundi ngozi ilikuwa imevimba, malengelenge yamepasuka na yanatoa maji. Sasa hata kusimama peke yake hakuweza. Tyubu ilikuwa kando yake, imekamuliwa na kukunjwa hadi shingoni. Alikuwa ameimaliza yote, vile nilivyomwambia.

Hospitalini Bungoma daktari aliyasoma yale maandishi madogo ya tyubu ambayo mimi, mwalimu, sikuyasoma. Akasema ngozi imekataa kitu kilichochanganywa humo, labda manukato, labda ile kemikali ya kuzuia jeli isiharibike. Angeacha siku ya kwanza ilipomwasha, yasingefika hapo.

"Nani alimwambia aendelee?"

Nikafungua mdomo, mama akaniwahi. "Ni mimi tu, daktari. Sikuelewa maneno."

Tulitoka polepole, ameniegemea, dawa mpya ya kupaka imo mkononi mwake. Kwenye ngazi akasimama kupumzika, akaigeuzageuza ile tyubu mpya, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, bila hasira:

"Na hii ikiwasha, nikuambie mara ngapi?"