Mwendo wa Pahalawani

Nilijitakia mwenyewe. Nilikuwa karani wa bohari Changamwe, kijana mwenye miguu myembamba ambayo kaptula ya kazini haikuisitiri. Wazee wangu walipopeleka posa Likoni, baba wa binti alisema hatoi jibu mpaka anione. Nikaanza mazoezi: kila alfajiri nilichuchumaa na kuinuka mara mia, begani gunia la mchanga. Wiki ya pili mapaja yaliniuma hata nikawa natembea nimetanua miguu. Mimi nikauona huo ndio mwendo wa pahalawani, nikaenda nao Likoni.

Nilipoingia, mazungumzo yalikatika. Nikadhani wamenistaajabia. Nilipomaliza kutoa shikamoo, mzee akaniinamia sikioni.

"Mwanangu, mshipa huo umekuanza lini? Yuko mganga hapa anautibu."

Kumbe alidhani nina busha!

"Wallahi sina maradhi, mzee. Ni mazoezi tu," nikasema, nikachuchumaa pale pale mkekani nimwonyeshe.

Kuchuchumaa niliweza. Kuinuka kukanishinda. Mzee alinishika kwapa moja, ndugu yake la pili, wakaninyanyua taratibu. Hapo nikasikia sauti ya binti nyuma ya pazia:

"Mama, ndiye huyo?"