Darubini Iliyopindua Mashua

Fundi saa wa mtaani kwetu Msambweni alikuwa na jicho moja na nusu, na kwa hilo jicho moja na nusu aliona kuliko mtaa mzima tukijumlishwa pamoja na mbuzi wetu. Chumvi nyingine natia, sikatai, lakini hii nimeipima kwanza. Ukimpelekea saa iliyokufa tangu vita vya Mjerumani, aliiweka sikioni, akafumba macho, akasema, "Ina punje ya mchanga kwenye gurudumu la tatu." Akiifungua, punje hiyo hapo, imekaa kama mgeni aliyekaribishwa.

Jicho la kushoto liliharibiwa na springi ya saa ya ukutani iliyomrukia ujanani. Lilibaki kujua mchana na usiku tu: ndiyo ile nusu. La kulia ndilo lililolisha nyumba, na mwaka huo, mmoja katika ile ya mwisho ya miaka ya hamsini, likaanza kuingia mtoto wa jicho. Daktari akamwambia aende Mombasa akapasuliwe kabla ukungu haujafunga kabisa. Fundi akauliza swali moja: "Na kisu kikikosea?" Daktari, mtu mkweli, akasema hakuna kisu kisichoweza kukosea.

"Basi nitakwenda," akasema Fundi, "nikiisha kuiona pete ya Zohali."

Mkewe alilia wiki nzima. Sayari iko huko mbinguni, mumewe yuko hapa chini anapofuka, na kati yao hakuna ngazi. Lakini Fundi alikwisha kuiona picha yake katika kitabu cha rafiki yake, Mhindi fundi mitambo wa kiwanda cha sukari: tufe lililozungukwa na pete isiyoligusa. Mtu aliyeishi miaka arubaini na magurudumu yanayogusana, akaambiwa kuna gurudumu linalozunguka bila kugusana na kitu! Hakupata usingizi.

Ikasadifu Mhindi yule anahama, anarudi kwao Bombay. Kwa ajili ya urafiki akaleta darubini zake mbili, akaziweka barazani kwa Fundi. "Chagua moja iwe yako," akasema. "Zijaribu kwanza. Jumamosi lori la kiwanda litapita kuichukua itakayobaki, iende kwa ndugu yangu Mombasa."

Mimi wakati huo nilikuwa mpimaji wa mbata, zile nazi kavu za magunia, mtu mzima mwenye ndevu, na nilikuwa nimetoka tu kumaliza masomo ya usiku, ile ngumbaru ya kusomea kibatari. Cheti changu nilikitembeza mtaani hata kikaanza kuchanika kwenye mikunjo. Kwa hiyo jambo lolote la elimu likitokea, nafika kabla halijaitwa.

Darubini ya kwanza ilikuwa ya mabaharia. Shaba tupu, inang'aa hata ukiiangalia unajiona na ndevu zako, ina vipande vitatu vinavyovutika mpaka ikawa ndefu kama mtu. Kioo chake cha mbele hakikuzidi shilingi. Ya pili, Mola anisamehe, ilikuwa mbaya. Bomba la bati, nene, fupi, limepakwa rangi ya kijivu kwa brashi iliyochoka, limesimama juu ya miguu mitatu ya boriti. Ila kioo cha mbele kilikuwa kipana kama kisahani cha chai, na pamoja nayo kilikuja kisanduku chenye vioo vitatu vya jicho, vile vidogo vya kuchomeka nyuma pale unapotazamia: kimoja cha kukuza kidogo, kimoja cha kati, na kimoja cha kukuza hata ukaogopa.

Kila usiku wa wiki hiyo mbingu ilifunga. Upepo wa kusi ulileta wingu kutoka baharini kila magharibi ikiingia, tukawa hatuoni hata mwezi. Ikabidi tuzijaribu mchana. Fundi akabandika karatasi ya kopo la majani ya chai kwenye mnazi wa mbali, akaniita mimi, msomi, nisome.

Kwa ile ya shaba nilisoma barabara. Kwa ile ya bati herufi zote zilikuwa zimesimama kwa vichwa. Nikainama, nikageuza shingo, nikatazama kwa kupitia kwapani, watoto wakacheka, na cheti changu chote siku ile hakikunisaidia.

"Hii imeharibika, Fundi," nikasema. "Inapindua."

Hapo ndipo alipofika shemeji yake, kaka wa mkewe, nahodha wa kijiji jirani cha Munje mwenye mashua yake, mwili wake mpana kama mlango wa msikiti. Akanisukuma kando. "Pisha, msomi wa kibatari, litazame jicho linalojua bahari." Akailekeza darubini ya bati kwenye mashua yake iliyotia nanga. Akatazama. Akaruka nyuma kama aliyeumwa na nge.

"Astaghfirullahi! Shemeji, kitu hiki ni nuksi! Nimeona mashua yangu chini juu, mlingoti umeelekea chini, na vijana wangu wamening'inia kama popo!"

"Iko salama, shemeji," akasema Fundi. "Itazame kwa macho yako."

"Mashua ikishaonekana imepinduka, imeonekana! Kitu hiki hakilali nyumba moja na dada yangu."

Mtaa mzima ukaafikiana naye, nami nikiwa wa kwanza. Kwetu mtu hupima darubini kwa chombo kilichoko baharini. Ndiyo kazi yake, na chombo lazima kisimame wima. Fundi alitusikiliza mpaka pumzi zikatuishia. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini, sauti ya mtu aliyezoea kuongea na vitu vidogo:

"Na Zohali, juu yake ni wapi?"

Tukainua nyuso mbinguni mchana ule, naye akaendelea.

"Nani amefika huko akaona paa liko upande upi? Pete ni pete, hata ikigeuzwa. Mimi sinunui samaki, natafuta mwanga. Ikinyesha mvua, weka uani chupa na sufuria. Mvua ni ile ile. Asubuhi kipi kina maji?" Akakigusa kile kioo kipana kwa ncha ya kidole. "Jicho langu lina ukungu, mwanangu. Lataka sufuria."

Leo nikikumbuka maneno yale naona ingenipasa nilipe ada kumsikiliza. Siku ile tulimwonea huruma tu. Tukaambizana pembeni, mimi na Nahodha, kuwa maradhi yamemtia ubishi, maskini.

Jumamosi asubuhi Fundi alikwenda hospitali kutiwa dawa ya matone, na lori likafika mapema kuliko lilivyotarajiwa. Dereva akapiga honi. Nahodha akanitazama, nami nikamtazama. Tuliinua lile bomba la bati na miguu yake na kisanduku chake, tukalipandisha juu ya lori, tukaifuta ile ya shaba kwa kanga, tukaisimamisha barazani kama bibi harusi. Tulifanya kwa mapenzi. Sijawahi kufanya ubaya mkubwa hivyo kwa moyo safi namna ile.

Fundi alirudi jicho likimchuruzika. Akapapasa barazani, akagusa shaba. Akapapasa tena upande wa pili. Hakutugombeza. Aliketi tu, akasema kumwambia mkewe, "Basi, Bi mkubwa. Tena sina haja ya kwenda Mombasa." Mkewe akajifunika uso kwa kanga.

Nahodha akawa wa kwanza kusimama. "Yakhe, baiskeli yako iko wapi?"

Nilijua lori litasimama njiani, Bongwe, kupakia mbata, maana magunia yale mimi mwenyewe ndiye niliyeyapima, na upakiaji wa Bongwe huchukua muda wa harusi na fungate yake. Tukapanda. Mimi naendesha, Nahodha nyuma kwenye keria, amekumbatia darubini ya shaba. Sikwambii uzito wa mtu yule. Gurudumu la nyuma lilichimba mtaro ambao mvua zilizofuata ziliugeuza kijito. Kila kilima nilichopanda kilinifuata nyuma kinionee huruma.

"Kanyaga, msomi!" ananipigia kelele.

"Shuka usukume, Nahodha!"

"Nikishuka nani atashika chombo?"

Tulilikuta lori limebakiza magunia mawili. Dereva alimsikiliza Nahodha akieleza, jasho linamtiririka, kwa nini anataka kurudisha kitu kizuri achukue kibaya. Akamuuliza mara mbili. Mara ya tatu akasema, "Mzee, mimi nimeambiwa nichukue moja. Ipi, ni shauri lenu," akaichukua ya shaba, akatushushia ya bati. Kurudi tulikuja kwa miguu, bomba limelazwa juu ya baiskeli, Nahodha amebeba kisanduku cha vioo kwa mikono miwili kama mayai, wala hakutamka tena neno nuksi.

Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza wiki hiyo, kusi likatulia na wingu likafunguka. Tuliposwali magharibi, Zohali ilikuwa juu ya minazi upande wa kusini, ya manjano, haipepesi kama nyota zinavyopepesa. Tukasimamisha darubini uani. Mimi, kwa elimu yangu, nikachomeka kile kioo cha jicho cha kukuza kupita vyote. Fundi akainama.

"Kubwa," akasema, "lakini ni taa nyuma ya chandarua. Nawe hukupata kukamua nazi? Tui la kwanza ni kidogo, zito. Ukitaka lijae sufuria waongeza maji, linajaa, halina ladha. Kukuza ni hivyo hivyo. Mwanga ni ule ule, wewe wautandaza tu. Tia cha kati."

Nikatia cha kati. Akarudisha jicho. Akawa anaigusa ile darubini kwa ncha za vidole viwili, kidogo, kama anavyogusa saa ya mwanamke, akiifuata sayari iliyokuwa ikiteleza kutoka kiooni. Kisha vidole vikasimama. Nikasikia saa zake zote ndani zikipiga, kila moja na mwendo wake.

"Haigusani," akasema.

"Nini, Fundi?"

"Pete. Kuna nafasi ya giza katikati, nyembamba, safi. Imeinama, wala haigusani. Subhanallah." Hakuondoa jicho. "Ndogo kama punje ya mtama. Imekamilika."

Alitazama kwa muda mrefu. Tukatazama sisi pia. Nahodha alipoinama hakutaka kuinuka. Ikabidi dada yake amvute shati, akisema naye ana macho. Bi mkubwa akachungulia, akashika mdomo, akamtazama mumewe badala ya mbingu. Nami nilipoona, mimi mwenye maneno mengi, sikupata hata moja, jambo ambalo wenyeji wa Msambweni walilizungumza kwa miezi.

Adhana ya isha ilipoanza, Fundi alikirudisha kile kioo cha jicho ndani ya kisanduku, akakifunga, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mkewe.

"Bi mkubwa," akasema, "nifungie nguo. Jumatatu tunakwenda Mombasa."