Yowe la Hyasinta

Watu wa Makambako wakikuambia hawakujua, usiwabishie. Kweli hawakujua, na hilo ndilo linaloniudhi. Mimi Ashura nauza chai na maandazi pale sokoni tangu serikali iliporuhusu kila mtu auze anachotaka, na meza ya viazi ya Hyasinta ilikuwa ubavuni mwa jiko langu. Nilikuwepo, na mpaka leo nikisimulia napandwa na hasira.

Hyasinta alikuwa Mbena wa upande wa Njombe, amekulia jirani na misheni, mtoto wa kwaya. Makambako alikuja kwa kuolewa na Filemoni, utingo wa malori ya Tunduma. Alikuwa mrefu, mkimya, na miguu yake haikujua kutulia. Akipima viazi kwenye debe, miguu inacheza yenyewe. Nikimtania kwamba viazi vitamwagika, ananijibu, "Mama Salha, vikimwagika utaniokotea."

Mwaka mmoja akaja mwalimu Abrahamu, kijana aliyesomea sanaa huko pwani. Miaka ile kila kona ilikuwa na mradi wa UKIMWI, na kila mradi na fulana zake. Wa Abrahamu ulikuwa wa kucheza. Ngoma yake haikuwa ya Kibena wala disko, na haikuwa na wimbo. Mwili ndio ulisema. Mume anarudi safari, mke anamwambia twende kwanza tukapime, mume anampiga, mke anaanguka anatetemeka, halafu wanawake wenzake wanaingia mmoja mmoja wanamzunguka mpaka mume anarudi nyuma. Hyasinta akawa mke. Kheri, fundi baiskeli ambaye hata kuku hawezi kumchinja, akawa mume, na rungu lake lilikuwa la sponji.

Shida ilikuwa kupata watu. Abrahamu akipiga ngoma zake, Halfan wa mitumba anafungulia redio, basi hakuna anayesikia kitu. Ndipo mwalimu akagundua yowe.

Huku kwetu yowe si mchezo. Mwanamke akipiga yowe, mwenye jembe analitupa, mwenye sufuria anaiacha iungue, wote mbio. Asiyetoka kijiji kinamtoza, na siku akifiwa watu wanachelewa makusudi. Abrahamu akaona hiyo ni kengele ya bure. Siku ya kwanza Hyasinta alipopiga yowe katikati ya mnada, watu walikuja na fimbo na mawe, wakamkuta Kheri ameshika sponji. Walicheka mpaka wakakaa chini. Mnada uliofuata walikuja na watoto. Baadaye wakawa wanakuja na vigoda na miwa ya kutafuna.

Nilimwambia, "Mwalimu, sauti hiyo usiichezee. Tafuta filimbi."

"Filimbi haileti watu, mama," akanijibu. "Wafadhili wanataka kuona watu."

Hyasinta naye alikuwa upande wake. Alifurahi kuona uwanja umejaa.

Basi Filemoni akarudi kutoka safari ndefu, na Hyasinta akamwambia nyumbani yaleyale aliyokuwa akiyacheza sokoni. Twende tukapime kwanza. Filemoni hakwenda. Alikuja kwenye jiko langu, akanywa chai yangu yote taratibu, kisha akasema, "Mwambie rafiki yako nitaivunja hiyo miguu. Tuone atacheza na nini."

Nilimwambia. Akahamia kwangu na kifurushi chake cha nguo. Nikamsihi arudi kwao Njombe mpaka yule mtu apoe, akakataa. Njiani anaweza kunikuta peke yangu, akasema, nyumbani kwako pia anaweza. Sokoni hawezi, sokoni kuna watu.

Filemoni alikuja mchana, jua likiwaka, ameshika spana ya tairi. Hyasinta alimwona, akaacha debe, akapiga yowe.

Na watu walikuja, sisemi uongo. Walikuja na vigoda vyao. Wakafanya duara zuri, watoto mbele, wazee wakapewa nafasi. Halfan akazima redio kwa heshima. Pigo la kwanza lilimwangusha, na mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Leo wamebadilisha mwanaume. Huyu anajua kuliko Kheri."

Nikapenya nikipiga kelele, "Huyu ni mumewe kweli, mshikeni, anamuua." Wakacheka. Lukresia wa dagaa, mwanamke ninayekula naye sahani moja, alinivuta kanga akaniuliza, "Na wewe wamekuingiza?" Nikabeba birika nikammwagia Filemoni chai ya moto mgongoni. Wakanipigia makofi. Hyasinta alikuwa ananyoosha mkono kwa watu wa mbele, na watoto wakawa wanamnyooshea wa kwao, kwa sababu ndivyo ngoma ile ilivyofundisha.

Kicheko kilikatika Kheri alipotokea kwa nyuma mikono imejaa grisi, analia. Ndipo walipoelewa kwamba kama Kheri wa kikundi analia, haya si ya kikundi. Walimshika Filemoni. Mguu wa kulia ulikuwa umeshavunjika kuanzia goti.

Kesi ilikwenda kama ilivyokwenda. Kila shahidi aliulizwa aliona nini, na kila mmoja alisema aliona ngoma. Filemoni naye akasema alikaribishwa kucheza, mkono ukapitiliza. Yowe langu mimi halikuhesabika, maana nilionekana nikipigiwa makofi. Akaachiwa. Abrahamu alihamishia kikundi Njombe, na nikasikia aliwaambia wageni wake kwamba siku ile ndiyo waliyopata watu wengi kuliko siku zote. Ningekuwa karibu ningemnasa kibao.

Mguu uliunga vibaya. Hyasinta alirudi kwenye viazi vyake na fimbo. Hakucheza tena, hata akiwa amekaa.

Mvua zilipokwisha kikundi kikarudi. Mke alikuwa binti anaitwa Lightness, mume kijana wa Njombe, maana Kheri aligoma. Mimi nilikuwa nakanda unga niliposikia yowe. Watu wakatafuta vigoda kwanza. Hyasinta akasimama.

Nikamshika kanga. "Kaa chini. Ni kikundi hao."

"Na kama si wao?" akasema.

Akaenda anaburuta mguu, akapenya duara, akamkuta yule binti chini anatetemeka. Hakumgusa mwanaume. Alijitupa juu ya Lightness, akamfunika mwili mzima kwa mwili wake, akaficha kichwa, akangoja kupigwa.

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Mbele kabisa, kwenye kigoda, alikuwepo Filemoni anatafuna muwa. Watu wakapiga makofi, naye akauweka muwa chini akapiga.